Rangi ya Meno Yetu

Mtu wa kwanza kunifanya nijione niko nyumbani kule Ujerumani alikuwa hajui Kiswahili hata neno moja. Nilimkuta kwenye chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya hosteli yetu ya wanafunzi, akihangaika na mashine iliyogoma kufungua mlango huku shuka zake zikiwa ndani. Aliponisikia naingia aligeuka, akacheka kile kicheko cha mtu aliyeshindwa, na mimi nikabaki nimesimama na kapu langu la nguo, nikimtazama mdomoni.

Meno yake yalikuwa ya kahawia. Hayakuwa na unjano wa sigara wala ukoga wa mtu asiyepiga mswaki. Ni kahawia ile ninayoijua mimi, yenye mistari na madoa, iliyokolea zaidi kwenye meno mawili ya mbele. Yalikuwa meno yangu kabisa.

Nikamwambia kwa Kiswahili, bila hata kufikiri, nikimtajia miji ya kwetu, "Jamani, dada! Wewe ni wa wapi? Wa Usa? Wa King'ori?"

Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hanielewi. Alikuwa Mwethiopia, ametoka mji mdogo kando ya ziwa, kwenye Bonde la Ufa la kwao. Lakini na yeye alikuwa ameacha kuhangaika na mashine, ananitazama mdomoni vilevile. Tukawa tumesimama pale watu wazima wawili tunachunguzana meno, halafu tukaangua kicheko, na siku hiyo nilikuwa na muda mrefu sijacheka bila kuweka mkono mdomoni.

Lazima nieleze jambo hilo la mkono. Nimezaliwa Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, kwenye shamba la kahawa na migomba ambalo baba alilirithi kwa baba yake. Kwetu rangi ya meno haikuwa habari. Baba alikuwa nayo, shangazi zangu walikuwa nayo, nusu ya kwaya ya kanisani walikuwa nayo, na walipofungua midomo kuimba hakuna aliyeshtuka. Habari ilianza nilipopelekwa sekondari ya bweni Tanga. Wiki ya kwanza tu msichana mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Hivi nyie watu wa Arusha hamjui mswaki?" Kuanzia siku hiyo nikajifunza kucheka na mkono mdomoni, na kwenye picha zangu zote za sekondari nimefunga mdomo kama mtu aliyekasirika.

Nilipomweleza baba wakati wa likizo, hakuona kama ni tatizo. Aliniambia, "Hayo ni meno ya ukoo wetu. Hata ukipotea huko pwani, mtu akikuona anajua akurudishe wapi." Alisema kwa fahari, akaendelea kupogoa kahawa yake. Mama alikuwa anatwanga karibu. Meno ya mama ni meupe. Yeye ametoka Marangu, upande wa Kilimanjaro, akaolewa huku. Kwa hiyo maelezo ya baba yalinitosha kabisa: sisi watoto tulifuata ukoo wa baba, basi.

Nilikuwa nimesikia watu wakisema "ni maji." Kila mtu wa Arusha amesikia. Lakini nilisikia kama mtu anavyosikia kwamba Juni kuna baridi. Hunyanyuki kwenda kutafuta sababu.

Yule Mwethiopia alikuwa amenyanyuka. Alikuwa anasomea uhandisi wa maji kwa sababu hiyohiyo. Jioni ile tulipika pamoja kwenye jiko la hosteli, akaniambia kwamba kwao kuna vijiji viwili vilivyotenganishwa na shamba moja tu la mahindi. Kimoja watoto wana meno kama yetu, na wazee wengine migongo imepinda hawawezi kuinua uso. Cha pili meno ni meupe. Tofauti ni kisima. Kwenye mawe ya volkano kuna madini yanaitwa floraidi. Maji yakipita humo huyabeba, na mtoto akiyanywa wakati meno bado yanajitengeneza ndani ya fizi, yanatoka yakiwa yameshapata rangi; akiendelea kuyanywa hadi uzeeni, hufika mpaka mifupani.

"Na kwenu?" aliniuliza. "Ni kisima au kijito?"

"Mfereji," nikasema. "Unatoka mlimani."

"Unaanzia wapi?"

Nilikuwa nimekunywa maji ya mfereji ule maisha yangu yote ya utotoni. Nilikuwa nimeogelea humo, nimefulia humo, nimechapwa kwa kuangusha ndoo humo. Na sikujua unaanzia wapi.

"Mama yako meno yake yakoje?"

"Meupe."

"Yeye amekulia hapohapo?"

"Hapana. Mlima mwingine."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama daktari. Mimi nilikwenda kulala nikiwa na njaa ya kitu nisichokijua.

Hadi siku ile nilikuwa na mpango wangu, na ulikuwa mpango mzuri. Nilipata ufadhili wa kusomea kemia ya chakula. Ningemaliza, ningerudi, ningepata kazi kwenye kiwanda kikubwa cha vinywaji, Dar es Salaam au hata Nairobi, nivae koti jeupe na nipewe gari. Nyumbani, kwangu mimi, palikuwa mahali pa kwenda Krismasi na kubebeshwa ndizi wakati wa kurudi. Sikuwahi kufikiri kwamba Nkoaranga kuna kitu cha kusomwa. Vitu vya kusomwa vilikuwa huko nilikokwenda, na nilikwenda kuvifuata.

Sasa nikawa kila ninapoingia maktaba, badala ya kusoma nilichotumwa, natafuta Meru. Na nikaikuta. Nilikuta ramani za mlima wetu zilizochorwa na watu ambao sijui waliupanda lini. Nikasoma kwamba upande wa mashariki wa mlima uliwahi kuporomoka zamani za kale, na kwamba vile vilima tunavyopita chini kule, ambavyo nilidhani ni vilima tu, ni vipande vya mlima vilivyomwagika. Nilikaa na ramani ile siku nzima. Nilikuwa naona aibu kidogo, lakini zaidi nilikuwa na furaha ya ajabu, kama mtu aliyeambiwa kwamba bibi yake aliwahi kuwa mchezaji mashuhuri wa mpira.

Nilimwendea msimamizi wangu wa masomo, profesa mzee mwenye sauti ndogo, nikamwambia nataka kubadilisha mada ya utafiti wangu. Nataka kupima maji ya kijiji changu.

"Kwa nini chako?" akauliza.

Nikamwonyesha meno.

Alivaa miwani, akainama, akatazama vizuri. Halafu akasema, "Sawa. Lakini usiende ukiwa umeshajua jibu." Akanikopesha kipimo cha kushika mkononi.

Nilifika nyumbani kiangazi, kahawa ikiwa inaiva. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kikombe. Mama alinipa chai kwenye kile kikombe chenye maua, kinachokaa kabatini, cha wachungaji na wakwe. Nikamwambia, "Mama, nipe cha bati." Akasema, "Kunywa, mwanangu, umetoka mbali." Majirani walipita kunisalimia na wote walisema "karibu mgeni." Nilikaa sebuleni kwenye kiti cha kitambaa huku nikisikia mama na mdogo wangu wanaongea jikoni, wanacheka, na nikiingia wananyamaza na kunipisha. Mdogo wangu anaishi Kaloleni, mjini, amepanga chumba karibu na uwanja wa mpira na anauza vitenge. Alikuwa amepanda mlima na mtoto wake wa miezi kadhaa kunipokea. Aliniuliza kwa utani, "Eti dada, huko Ulaya wanalalia nini?" kana kwamba nimesahau kitanda.

Basi nikaona heri nitoke. Nikachukua chupa zangu na kipimo, nikaanza kuufuata mfereji kwenda juu.

Sikujua kijiji changu. Hilo nilikubali siku ya kwanza. Nilijua njia ya shule, ya kanisa, ya hospitali na ya sokoni, na zote zinashuka. Njia za kupanda sikuwa nimezipita. Mfereji uliingia kwenye mashamba ya watu, ukapita chini ya mizizi, ukagawanyika kwa mawe na majani ya migomba, kila mgawanyiko una mwenyewe na saa zake. Watu waliniona nachota maji kidogo kwenye chupa, naandika, naendelea, na maneno yakanitangulia. Wengine walidhani nimetumwa na wanaotaka kuyapeleka maji mjini. Mwingine alidhani natafuta shamba la kununua.

Juu kabisa, karibu na msitu, nilikuta bibi mmoja anaosha karoti kwenye chemchemi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unataka nini na maji yetu?"

"Napima tu, bibi. Nataka kujua kama ni salama."

"Nani kakutuma?"

"Shule."

"Shule ya wapi?"

Nikasema Ujerumani. Akaweka karoti chini. "Na wewe ni wa nani?"

Nikamtajia ukoo wa baba. Akanitazama kuanzia viatu, suruali, hadi nywele. Niliona hajaridhika. Halafu akasema, "Hebu cheka."

"Nini, bibi?"

"Cheka kidogo, nione."

Nikacheka, kwanza kwa kulazimisha, halafu kwa kweli, maana yeye mwenyewe alikuwa ameanza kucheka na meno yake machache yaliyobaki yalikuwa kahawia tupu. Akaniambia, "Haya, chota. Wewe ni wetu." Nilichota. Nimefanya mitihani mingi maishani, lakini ule ndio niliofaulu kwa furaha kuliko yote.

Majibu yalikuja hapohapo kwenye kipimo, na nilipoyaona nilipima tena, nikijua nimekosea. Maji ya chemchemi yalikuwa safi, floraidi karibu hakuna. Ya mfereji kwenye shamba letu, safi. Ya bomba la kanisani, safi. Nilishuka hadi tambarare, kule Maji ya Chai, ambako jina lenyewe ni rangi ya mto, na kule ndiko kipimo kilipanda kama wazimu. Kwa hiyo kipimo kilikuwa kizima. Tatizo lilikuwa kwamba nilikuwa nimevuka bahari na jibu langu mkononi, na kijiji changu kilikuwa kimelikataa.

Nilimpigia rafiki yangu Mwethiopia kwa simu ya video, nikiwa nimekaa juu ya gunia la maganda ya kahawa kwa sababu pale ndipo mtandao unashika. Nikamweleza. Akauliza, "Mnakula nini?"

"Ndizi. Maharage. Makande. Chakula cha kawaida."

"Kuna kitu mnaweka?"

Nikasema chumvi, mafuta, kitunguu. Nikakata simu nikaingia jikoni, na mama alikuwa anapika kiburu: ndizi na maharage vinavyochemka pamoja mpaka vinapondeka. Ndicho chakula cha kwao Uchagani alichokuja nacho alipoolewa, na sisi sote tumekua kwa hicho. Mara tu jino la kwanza lilipoonekana, tulianza kulishwa kiburu laini kwa kijiko. Mama alifunua sufuria, akachovya vidole kwenye kopo, akatia unga wa kijivu kidogo, mapovu yakapanda.

"Mama, hiyo ni nini?"

Akanishangaa. "Magadi. Umesahau magadi?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeyaona kila siku mpaka nikaacha kuyaona. Magadi ndiyo yanayolainisha maharage yaive upesi, bila kumaliza kuni. Hakuna jiko la kwetu lisilokuwa na kopo lile. Nikamwomba kijiko kimoja. Nikakikoroga kwenye maji safi ya mfereji wetu, nikaacha yatulie, nikachovya kipimo.

Nilisoma namba mara moja tu. Mbele ya namba ile, mto wa Maji ya Chai ulikuwa mchezo.

Nilitoka nje nikaenda kukaa kwenye migomba. Hapa ndipo elimu yangu iliponitesa, na sikuwa nimeandaliwa. Kama lingekuwa mlima, ningeandika tasnifu na mlima usingelia. Kama ungekuwa mfereji, ningewalaumu mababu. Lakini kopo lile lilikuwa la mama, na mkono uliochovya ulikuwa wa mama, na mtoto wa mdogo wangu alikuwa amekaa mapajani mwa bibi yake muda ule anangoja kiburu kipoe. Ningeweza kuondoka na majibu yangu, nikayaandika kwa Kiingereza ambacho mama hasomi, na asingejua kamwe. Nilifikiria hivyo, kwa dakika chache nikaona ni upendo.

Lakini mtoto alikuwa anangoja chakula. Nikarudi.

"Mama, mtoto asile hicho."

"Kimefanyaje?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa kukimbia, nikichanganya maneno ya darasani na ya nyumbani. Mdogo wangu akamchukua mtoto wake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa bado umeshika mwiko. Nilitegemea atalia au atakasirika. Aliniuliza swali.

"Na sisi kwetu Marangu tulipikia magadi. Mama yangu alipikia magadi kila siku ya Mungu. Mbona meno yangu ni haya?"

Akafungua mdomo kunionyesha, kana kwamba sijawahi kuyaona.

Nikamwambia sijui. Nikaona kitu kwenye uso wake ambacho sikukitegemea: alikuwa anataka kujua. Hakuwa anajitetea. Alikuwa na hamu ileile iliyonikosesha usingizi Ujerumani, na ghafla nikajua nimeitoa wapi.

"Jumamosi ni soko Tengeru," akasema. "Twende."

Tulikwenda wote wawili. Mama alinitembeza kwenye wauza magadi kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi. Akanionyesha kwamba kuna aina mbili. Kuna ya mawe, ngumu, yenye kung'aa kama sukari guru iliyopauka. "Haya ndiyo ya kwetu," akasema. "Mama yangu alikuwa anayagonga kwa nyundo." Halafu kuna ya unga, ya kijivu, iliyokwanguliwa juu ya ardhi kavu huko kwenye mbuga, yenye vumbi na vijiti ndani. "Na haya ndiyo ya huku."

"Kwa nini uliacha ya kwenu?"

Alichagua nyanya kwanza, akalipa, tukatoka kwenye msongamano ndipo akanijibu. Alisema alipoletwa kama bibi harusi alikuja na magadi yake ya mawe kwenye kitambaa. Mama mkwe alionja kiburu chake, akasema kina ladha ya ugenini. Akampa magadi ya unga kutoka kopo lake, akamwonyesha kiasi. "Nilikuwa nataka wanipende," mama akasema. "Nilikuwa nawasikia wanaongea Kimeru mezani, sielewi hata neno. Nikasema, basi angalau nipike kama wao."

Tulipima aina zote mbili mezani sebuleni, mama akikoroga, mimi nikisoma. Ya mawe yalikuwa na floraidi, lakini kidogo. Ya unga ndiyo yaliyokuwa yamejaa. Mama alitazama ile namba ndogo kwenye kioo cha kipimo kwa muda mrefu ingawa nilikuwa nimeshamsomea. Halafu akasema taratibu, "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni unga, mama."

"Ni mimi niliyewalisha." Machozi yakamtoka, bila sauti, na akayafuta kwa upande wa khanga kama mtu anayefuta jasho. "Ulipokuja kutoka Tanga unalia, nilikuwa natwanga pale. Nilijua ni ukoo. Nilikuwa nashukuru kimoyomoyo kwamba mmefanana na ukoo wa baba yenu, kwamba hakuna atakayesema nyinyi si wao."

Baba aliingia wakati huo, akatukuta na vikombe vya maji ya kijivu mezani, mama analia. Akaambiwa. Alitazama vikombe, akanitazama mimi. "Umekwenda mpaka Ulaya kutusoma meno?" akauliza. Sikujua kama ananisifu au ananisuta, na nadhani hata yeye hakujua. Baadaye nilimwona kwenye kioo cha dirisha, amejiinua mdomo wa juu kwa kidole, anajitazama.

Nilirudi Ujerumani kumaliza. Nilipoandika tasnifu yangu nilieleza mambo ya unga na mawe na mfereji, na profesa alifurahi. Akaniita ofisini, akaniambia kuna nafasi ya kuendelea, shahada ya udaktari, maabara nzuri, miaka ya kutosha. Nilimwomba muda wa kufikiri. Rafiki yangu alikuwa ameshachukua nafasi kama hiyo, na tulibishana sana kwenye jiko lile la hosteli. Yeye alisema, "Ukibaki hapa, utajua mengi zaidi kuhusu kwenu kuliko ukiwa kwenu. Si hapa ndipo ulipoukuta mlima wako?" Alikuwa anasema kweli. Bila umbali ule nisingejiuliza mfereji unaanzia wapi. Hata leo sijui kama ningekuja kulitazama kopo la magadi kama nisingekuwa nimekaa miaka ile mahali ambapo hakuna magadi.

Lakini nilikuwa nimegundua kitu kingine kuhusu mimi mwenyewe. Maktaba ilinipa maswali mazuri kuliko mahali popote. Kila jibu lililonigusa, hata hivyo, nilikuwa nimelipata nikiwa na matope kwenye viatu, na mtu pembeni ananiuliza mimi ni wa nani. Nilitaka kuulizwa hivyo. Nilimshukuru profesa, nikakataa, nikalia kwenye treni njia nzima bila kujua nalilia lipi kati ya mawili, ninaloliacha au ninaloliendea.

Sasa naishi Elerai, Arusha mjini, nyumba ya kupanga yenye tangi la maji ambalo, ndiyo, nimelipima. Nafanya kazi kwenye maabara ndogo mjini. Watu wanatuletea maji ya visima kabla hawajaanza kunywa. Koti jeupe ninalo, gari sina. Siwezi kusema kwamba nimerudi nyumbani moja kwa moja, kama mtu anavyorudisha sahani kabatini. Kuna siku natembea Kaloleni kwenda kwa mdogo wangu na ghafla nasikia harufu ya mkate, natamani ule mji wa baridi mpaka kifua kinauma. Nikipanda Nkoaranga bado napewa kile kikombe chenye maua. Nimeacha kukataa. Nadhani mama anajua jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua: kwamba mtu akienda mbali kiasi kile, aliyerudi anastahili kukaribishwa upya, na si lazima iwe ni tusi.

Mwaka jana mama alinipigia akaniambia niende Jumapili, akina mama wa usharika wana kikao baada ya ibada. Nilidhani anataka niongee. Nilijiandaa hata na picha. Nilipofika nikaambiwa nikae nyuma. Mbele, kwenye meza ya sakristia, mama alikuwa amepanga sufuria mbili za kiburu na makopo mawili ya magadi, ya unga na ya mawe. Akasimama, akarekebisha kitenge chake, akaongea kwa Kimeru. Kimeru chake bado kina Kichaga ndani yake, na wenzake walitabasamu, lakini hakuna aliyecheka.

Aliwaeleza yote. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza, kwa sababu alianzia kwenye sufuria. Alisema, "Mimi nimewalisha wanangu hivi, na meno yao mnayajua." Hakuficha na hakujilaumu. Akasema sufuria moja ameilowekea maharage tangu jana, haina magadi hata chembe. Ya pili ina ya mawe kidogo. Waonje.

Walionja. Kukawa na kelele. Mama mmoja mnene wa kwaya akasema wazi kwamba ya kwanza haina ladha na maharage yanagoma kati ya meno. Mwingine akasema, kuni atatoa nani? Mwingine akauliza kama ni kweli wazungu ndio wameleta habari hii wauze kitu. Mama akamjibu, "Wazungu gani? Nimepima sebuleni kwangu." Msichana mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisogea mezani, akanusa makopo yote mawili, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mtoto akishafika umri gani ndiyo hakuna hatari?"

Mama akageuka kunitafuta nyuma ya chumba. Nikasimama, nikaenda mbele, tukaanza kujibu pamoja, yeye kwa Kimeru na mimi kwa Kiswahili, huku yule mama wa kwaya akijipakulia sahani ya pili, anasema anataka tu kuhakikisha.